Jembe la Palizi Lisiloumiza Mgongo: Mwongozo Kamili wa Kulitengeneza Kulingana na Mwili wa Mtumiaji

Wasomaji wengi waliofuata ushauri wa kuweka mpini mrefu kwenye jembe la palizi wamerudi na malalamiko yaleyale: mpini umeongezwa, lakini kiuno bado kinauma. Mama mmoja anayelima mahindi Kilosa alinionyesha shambani kwake jinsi anavyolitumia jembe alilotengenezewa na fundi wa kijijini. Mpini ulikuwa wa mita moja na nusu, tena wa mti mzuri wa mpera. Hata hivyo mikono yake yote miwili ilikuwa imeshika chini kabisa, shubiri tatu tu kutoka kwenye bapa, huku sehemu iliyobaki ya mpini imepita chini ya kwapa na ncha yake ikichezacheza nyuma ya mgongo uliopinda. Nilipomwomba asimame wima na kushika juu, bapa liliteleza juu ya magugu bila kung'oa hata moja.

Mama yule hakuwa na kosa. Jembe ndilo lililomlazimisha ainame, kwa sababu fundi alibadilisha urefu wa mpini akaiacha pembe ya bapa kama ilivyokuwa. Urefu na pembe huenda pamoja. Ukibadilisha kimoja bila kingine, mwili wa mtumiaji ndio utakaolipa tofauti.

Mwongozo huu unahusu jembe la palizi, yaani lile linalovutwa ili likate magugu chini kidogo ya uso wa udongo. Hauhusu jembe la kutifua ambalo huinuliwa na kupigwa chini. La kutifua linahitaji bapa zito na mpini wa wastani, na ukilipa mpini mrefu sana utaihamishia mabegani shida iliyokuwa kiunoni.

## Vitu vinavyohitajika

Vikusanye vyote kabla ya kuanza, kwa sababu hatua za kupima na za kuchomelea hufuatana kwa karibu.

Kwa kupima:

- Futikamba, au kamba iliyowekwa alama kila sentimita 10.
- Fito iliyonyooka yenye urefu wa mita 1.8.
- Timazi, jiwe dogo lililofungwa kwenye uzi linatosha.
- Kipande cha plaiwudi au boksi gumu chenye urefu wa sentimita 60 na upana wa sentimita 20, rula na penseli.

Kwa bapa na shingo:

- Kipande cha chuma kigumu chenye unene wa milimita 2 hadi 3: panga lililochakaa, kipande cha jembe kuukuu au cha diski ya plau iliyolika. Springi ya gari inafaa pia, lakini mara nyingi ni nene mno na italazimu mhunzi aipige iwe nyembamba.
- Nondo ya milimita 12, urefu wa sentimita 25.
- Bomba jeusi la chuma lenye kuta nyembamba, kipenyo cha ndani sentimita 3 hadi 3.5, urefu wa sentimita 10.

Kwa mpini:

- Mti mkavu ulionyooka wa mpera, mkole, mkwaju au mkaratusi, wenye urefu usiopungua sentimita 170.
- Tezo au panga kali, randa, tupa, msasa, kipande cha kioo cha kukwangulia, na mafuta ya kitani.

Utamhitaji pia fundi wa kuchomelea au mhunzi. Kama kijijini hakuna, waliopitia mafunzo ya ufundi stadi ya VETA na karakana ndogo zinazozunguka ofisi za SIDO, shirika la kuhudumia viwanda vidogo, mikoani huifahamu kazi ya namna hii, mradi uende na kigezo utakachochora katika Hatua ya 4. Usiende na maneno matupu. Fundi akiambiwa "nitengenezee jembe refu" atatengeneza jembe refu, na utarudi palepale alipokuwa mama wa Kilosa.

## Hatua ya 1: Mtazame mtumiaji akipalilia kwa jembe lake la sasa

Kaa kando ya mstari kwa dakika 15 na mpige picha za ubavuni kwa simu, moja mwanzoni na nyingine mwishoni. Kisha muulize panapouma baada ya siku nzima ya palizi, na umwache aonyeshe kwa mkono wake mwenyewe.

Sababu ya kuanzia hapa ni kwamba maumivu hayatoki mahali pamoja kwa watu wote. Anayeonyesha kiuno huwa anainama. Anayeonyesha mabega na shingo huenda anainua jembe zito juu kupita kiasi. Anayeonyesha kifundo cha mkono au kidole gumba mara nyingi ana mpini mwembamba unaozunguka kiganjani kila bapa linapogusa kisiki au jiwe.

Kiwiliwili, kichwa na mikono kwa pamoja ni zaidi ya nusu ya uzito wa mwili. Mtu akiinama, misuli ya kiuno ndiyo inayoubeba uzito huo hewani tangu asubuhi hadi jua kali, hata jembe lenyewe likiwa jepesi kiasi gani. Ndiyo maana kupunguza uzito wa jembe bila kumnyoosha mtu hakusaidii sana.

Umefaulu iwapo unazo picha mbili za ubavuni na umeandika sehemu zinazouma kwa mpangilio, kuanzia ile inayouma zaidi.

## Hatua ya 2: Pima mwili, si kuukadiria

Mtumiaji asimame wima kwenye ardhi tambarare akiwa amevaa anachovaa shambani. Kama hupalilia peku, apimwe peku. Kama huvaa mabuti, apimwe na mabuti, kwani kisigino cha sentimita 3 kinabadilisha kipimo. Pima mambo matatu.

Kwanza ni urefu kutoka chini hadi puani. Huu ndio urefu wa kuanzia wa jembe zima, bapa na mpini kwa pamoja. Mtu mwenye kimo cha sentimita 160 atakuwa na kipimo kinachokaribia sentimita 145. Ongeza sentimita 10 juu yake, kwa sababu mpini uliozidi utaukata dakika moja, ilhali mpini uliopungua hauna dawa.

Pili ni urefu kutoka chini hadi kwenye kiwiko mkono ukiwa umekunjwa. Utautumia katika majaribio, kwa kuwa mkono wa chini haupaswi kupanda juu ya kiwiko wakati wa kuvuta.

Tatu ni mshiko. Mpe mtumiaji vipande vya fito vya unene tofauti avishike kimoja kimoja. Unaofaa ni ule ambao kidole gumba kinafika na kufunika kidogo ncha ya kidole cha kati. Kwa watu wazima wengi unene huo huangukia kati ya sentimita 3 na 4. Chini ya hapo kiganja hukaza kupita kiasi ili kuuzuia mpini usizunguke. Juu ya hapo vidole havifungi, na nguvu ya mkono hupotea.

Onyo: usichukue vipimo vya mume ukampa mke jembe. Nimeliona kosa hili mara nyingi kuliko lolote lingine, na linauma zaidi kwa sababu katika familia nyingi palizi huwaangukia wanawake.

## Hatua ya 3: Tafuta mwinuko wa mpini kwa kutumia fito

Hii ndiyo hatua inayorukwa, na ndiyo inayoamua kila kitu.

Weka alama kwenye fito mita 1 kamili kutoka ncha ya chini. Mpe mtumiaji fito hiyo, mwambie aishike kama anayefagia uwanja kwa fagio la mpini mrefu: mkono mmoja usawa wa kifua, mwingine chini yake kwa kiasi cha sentimita 40 hadi 45, vidole gumba vyote viwili vikielekea juu. Asimame mguu mmoja ukiwa mbele kidogo, kisha aiburute ncha ya fito kuelekea kwake mara kadhaa. Usimwelekeze zaidi ya hapo. Mwili utatafuta wenyewe mkao wake wa raha baada ya mivuto kumi hivi.

Akishatulia, mwambie asimame katikati ya mvuto bila kusogea. Teremsha timazi kutoka kwenye ile alama ya mita 1, na pima umbali juu ya ardhi kutoka pale timazi lilipogusa hadi ncha ya fito. Umbali huo unakupa mwinuko wa mpini:

- Sentimita 64 ni digrii 50.
- Sentimita 57 ni digrii 55.
- Sentimita 50 ni digrii 60.
- Sentimita 42 ni digrii 65.

Rudia mara tatu na uchukue wastani. Vipimo vikitofautiana kwa zaidi ya sentimita 6, mtumiaji hajatulia bado. Mwache apumzike kisha mwanze tena.

Onyo: mtu aliyezoea kuinama miaka 20 atainama hata akiwa na fito mkononi, kwa sababu mwili una mazoea yake. Mwombe atazame mbele yake badala ya kutazama miguuni. Ukiona bado anainama, msogeze mkono wa juu ufike usawa wa kwapa, upime upya.

Umefaulu iwapo mgongo umeelemea mbele kidogo tu, mabega yameshuka, na mkono wa chini unaning'inia karibu kunyooka.

## Hatua ya 4: Kokotoa pembe ya bapa na uchore kigezo

Pembe tunayoitafuta ni ile iliyo kati ya bapa na mpini, kwa upande unaomwelekea mtumiaji. Hesabu yake ni fupi: chukua mwinuko wa mpini, ujumlishe pembe ambayo bapa linapaswa kuingilia ardhini.

Kwa udongo wa kichanga, bapa liingie kwa digrii 10 hivi. Kwa tifutifu, digrii 15. Kwa udongo unaokauka na kuwa mgumu, digrii 20. Zaidi ya hapo bapa huchimba badala ya kukata, na kila mvuto unageuka kuwa kazi ya kubeba udongo.

Kwa hiyo mtu mwenye mwinuko wa digrii 60 anayepalilia kwenye tifutifu anahitaji jembe la digrii 75. Sasa chukua jembe lenye pembe ya digrii 60, ambalo limefungwa zaidi, ukampa mtu huyohuyo. Akisimama wima, bapa linalala chini kabisa, sifuri, na kuteleza. Ili lipate zile digrii 15 za kuingilia ardhini, analazimika kuushusha mpini hadi digrii 45. Mikono inashuka pamoja na mpini, na mgongo unaifuata mikono. Huko ndiko kuinama kwa mama wa Kilosa kulikotoka, na hakuna urefu wa mpini ambao ungekuondoa.

Chora kigezo kwenye plaiwudi bila kuhitaji kipimapembe. Chora mstari wa chini, kisha pima sentimita 10 juu yake kuanzia kwenye ncha. Mwisho wa sentimita 10 hizo simamisha mstari wima wa urefu ufuatao, na uunganishe kilele chake na ncha ya kuanzia:

- Kwa digrii 70, sentimita 27.5.
- Kwa digrii 75, sentimita 37.3.
- Kwa digrii 80, sentimita 56.7.

Pembe iliyo kwenye ncha ya kuanzia ndiyo pembe ya jembe lako. Kata kigezo kwa msumeno, andika jina la mtumiaji juu yake, na ukihifadhi. Bapa litakapolika miaka ijayo utakihitaji tena.

Umefaulu iwapo unaweza kukiweka kigezo ubavuni mwa jembe lolote na kusema mara moja kama pembe yake imefunga au imefunguka kuliko inavyotakiwa.

## Hatua ya 5: Tengeneza bapa na shingo

Kata bapa lenye upana wa sentimita 15 na kina cha sentimita 7. Upana huo unapita kwa salama kati ya mche na mche kwenye mahindi yaliyopandwa kwa nafasi ya sentimita 75 kwa 30. Kwa maharage na mboga punguza upana uwe sentimita 10. Viringisha kidogo kona mbili za juu za bapa kwa tupa ili zisichane majani ya mimea.

Kunja nondo iwe shingo yenye upinde kama shingo ya bata: itoke kwenye bomba, ielekee mbele kidogo, kisha irudi hadi katikati ya mgongo wa bapa. Upinde huu una kazi. Ukiweka rula ndefu juu ya mpini na kuiendeleza mbele, inapaswa kufika kwenye makali ya bapa, au isipishane nayo kwa zaidi ya sentimita 2. Makali yakikaa mbali na mstari wa mpini, kila kisiki kitaupindua mpini kiganjani, na mtumiaji atakaza vidole kutwa nzima bila kujua kwa nini.

Mchomeleaji abandike kwanza kwa nukta mbili tu. Weka kigezo ubavuni, sahihisha pembe kwa nyundo, pima tena, ndipo achomelee mzunguko mzima. Akimaliza, fukia kiungo kwenye majivu makavu au mchanga wenye joto kipoe polepole. Chuma cha panga, diski na springi kikipoa ghafla baada ya kuchomelewa hugeuka kuwa na ugumu unaovunjika kwa urahisi, na kitapasuka kando ya kiungo katika wiki ya kwanza. Kwa sababu hiyohiyo usikubali kabisa kiungo kimwagiwe maji, hata fundi akiwa na haraka.

Onyo: usitumie bomba lililopakwa zinki. Moshi wake unapochomelewa humletea fundi homa, kutetemeka na kifua kubana. Kama hakuna bomba jingine, zinki iondolewe kwanza kwa jiwe la kusagia, na kazi ifanyike nje upepo ukiwa unampiga fundi mgongoni.

Ukipenda kutumia jembe la dukani badala ya kuunda jipya, chagua jepesi kuliko yote. Jembe la ratili 3 lina karibu kilo 1.36, uzito ambao hauhitajiki kwenye palizi. Mhunzi apashe moto sehemu ya shingo peke yake hadi iwe nyekundu, makali yakiwa yamefunikwa kitambaa kilicholowa ili yasipoteze ugumu wake, kisha aifungue pembe hadi ilingane na kigezo. Kujaribu kuikunja bila moto huishia kwenye ufa.

Umefaulu iwapo kichwa kizima, yaani bapa, shingo na bomba, hakizidi gramu 700 hivi. Kipime kwenye mizani ya dukani.

## Hatua ya 6: Chonga mpini

Chagua mti ambao nyuzinyuzi zake zimekwenda moja kwa moja kutoka ncha hadi ncha. Nyuzinyuzi zikikatiza ubavuni, mpini utavunjika hapohapo, na utavunjika ghafla. Mvinje nao ni mgumu na hudumu, lakini uzito wake ni mkubwa kwa mpini wa urefu huu. Msindano hauna uvumilivu wa kutosha.

Mti uwe mkavu kweli. Ukiukata mbichi, upake rangi au nta kwenye ncha zake mbili na uulaze kivulini juu ya vigingi kwa miezi miwili hadi mitatu, jua huupasua. Wapo wanaofunga mpini mbichi kwenye jembe na kuliloweka ndani ya maji kila linapolegea. Maji huufanya mti uvimbe ukiwa umebanwa na chuma, nyuzinyuzi zikasagika, na ukikauka unalegea kuliko mwanzo.

Chonga unene uliopata katika Hatua ya 2. Sehemu ya mkono wa chini ifanye iwe na umbo la yai badala ya duara kamili, upande mrefu wa yai ukifuata mwelekeo wa kuvuta. Hapo kiganja kitajua kilipo bapa bila macho kutazama, na mpini hautazunguka. Maliza kwa kukwangua na kioo, kisha msasa, kisha paka mafuta ya kitani mara mbili, siku moja katikati.

Usipake vanishi. Inapendeza sokoni, lakini kiganja chenye jasho huteleza juu yake na kuota malengelenge.

## Hatua ya 7: Unganisha kichwa na mpini

Chonga ncha ya mpini ipungue taratibu hadi iingie bombani kwa kukaza. Ukishaiingiza, shika jembe wima kichwa kikiwa chini bila kugusa ardhi, na ugonge ncha ya juu ya mpini kwa nyundo ya mbao. Uzito wa kichwa chenyewe utakifanya kizidi kukaza kwenye mpini. Toboa tundu la milimita 5 ubavuni mwa bomba na ufunge skrubu moja. Kabla ya skrubu, angalia kwamba umbo la yai linaelekea sawasawa na bapa, kwa kuwa baada ya hapo kurekebisha ni kazi.

## Hatua ya 8: Noa upande ulio sahihi

Ukataji wa jembe hili unategemea makali, si uzito. Piga tupa upande wa bapa unaomtazama mtumiaji, kwa mteremko wa digrii 30 hivi, na uache upande wa pili bila mteremko wowote.

Sababu inahusiana na pembe tuliyoihangaikia. Bapa linaingia ardhini kwa digrii 10 hadi 20 tu. Ukinoa upande wa chini, mteremko wa kunoa utagusa udongo kabla ya makali yenyewe na kuyainua, na jembe litateleza kana kwamba pembe ni mbaya. Kabla hujamrudishia fundi jembe ukilalamika, geuza bapa utazame limenolewa upande gani.

Umefaulu iwapo makali yanakata jani bichi la mhindi lililotandazwa juu ya ubao kwa mvuto mmoja.

## Hatua ya 9: Jaribu shambani na ukate mpini

Chagua mstari wa mita 10 wenye magugu machanga ya majani mawili hadi manne, udongo ukiwa na unyevu wa wastani. Mtumiaji apalilie kwa dakika 20, nawe piga picha za ubavuni kama ulivyofanya katika Hatua ya 1 na uzilinganishe.

Tazama mikono kwanza. Ikishuka taratibu kwenye mpini kadiri dakika zinavyokwenda, bapa haliingii vya kutosha, na pembe inahitaji kufunguliwa digrii 5. Bapa likizama na udongo kujaa mbele yake, pembe imefunguka mno, ifunge digrii 5. Ncha ya mpini ikimgonga begani au kidevuni anapovuta, kata sentimita 2, jaribu, kata tena ikibidi. Usikate 10 kwa mara moja kwa sababu tu ulizidisha 10 mwanzoni.

Mfundishe kubadili upande kila mwisho wa mstari: mkono wa kulia juu, kisha wa kushoto juu. Mwanzoni upande usiozoeleka utakuwa mzito, lakini baada ya siku chache utamgawia mwili kazi sawasawa.

Umefaulu iwapo magugu yamelala juu ya udongo yakiwa yamekatwa mzizi kwenye kina cha sentimita 2 hadi 3, mivuto ni mirefu na laini badala ya mipigo, na mtumiaji anaweza kuzungumza nawe huku akiendelea na kazi bila kusimama ili kujinyoosha.

## Mahali ambapo jembe hili halifai

Magugu yakifika magotini, jembe la kuvuta halina kazi hapo. Palizi ya kwanza ya mahindi ifanyike wiki mbili hadi tatu baada ya kuota. Sangari na ndago nazo ni habari nyingine: jembe hili litazikata juu, lakini vishina vya sangari na viazi vya ndago vilivyo chini vitachipua tena, hivyo jembe la meno litahitajika. Kwenye udongo mweusi wa mbuga uliolowa, bapa lolote litabeba tope. Subiri udongo ukauke kidogo, na mtumiaji awe na kijiti cha kukwangulia mfukoni.

## Kwa wenye mashamba yanayoajiri vibarua

Huwezi kumtengenezea kila kibarua jembe lake, lakini unaweza kuwa na saizi tatu, kwa watu wa sentimita 150, 160 na 170, na kupaka ncha za mipini rangi tatu tofauti. Kila mmoja achague asubuhi kwa kusimamisha jembe mbele yake na kuona kama linafika puani.

Zungumza pia na msimamizi kabla ya majembe kuingia shambani. Mahali pengi anayepalilia akiwa amesimama wima huonwa kuwa mvivu, na kibarua anayeogopa kuambiwa hivyo atainama hata kwa jembe zuri. Msimamizi ahesabu mistari iliyokamilika, asihesabu migongo iliyopinda. Atakayesema kwamba mpini mrefu utakata miche, ajue kwamba wenye mashamba makubwa ya letusi huko California walilitetea jembe la mpini mfupi kwa hoja hiyohiyo. Jembe hilo lilipigwa marufuku mwaka 1975 kwa sababu ya madhara yake kwa migongo ya vibarua, na letusi inalimwa huko hadi leo.

Wape vibarua wiki moja ya kuzoea kabla ya kulinganisha kasi. Mwishoni mwa kila msimu pitisha kigezo kwenye kila jembe, kaza skrubu, na upake mipini mafuta. Bapa lililobakia kina cha chini ya sentimita 4 libadilishwe, kwa kuwa hapo magugu huanza kupanda juu yake na kukwama shingoni, na mtumiaji ataanza tena kuinama ili ayatoe.